Maswali ya wasomaji: bosi anataka dakika mbili, mi nataka stori ya mwaka mzima

Maswali ya kazi ya dokumentari yamerundikana sana kwenye meza yangu, kwaiyo toleo hili nayajibu hayo tu, ya ndoa na ya mikopo yasubiri. Majina nimeyatoa na barua ndefu nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni korespondenti wa tv moja hapa Mwanza, nalipwa kwa stori. Kila siku ni semina, uzinduzi wa mradi, mkuu wa wilaya kasema, basi imeisha. Ninachotaka ni dokumentari za jamii, watoto wanaofanya kazi mialoni (pale mitumbwi inaposhusha samaki), wamama wa dagaa, kichocho kule visiwani, ila bosi anasema makala ndefu hazina mdhamini, dakika mbili zinatosha. Vifaa vyangu ni simu nzuri na maiki ya kubana kwenye nguo. Je nitafika? Na kuna mtu aliyefika akitokea kwenye stori za huku kwetu? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Utafika. Ila jua kabisa kwamba kazi hii haianzi siku bosi akikubali, inaanza siku utakaporudi kwa mtu ambaye ulishamrekodi, na hakuna aliyekutuma urudi.

Angalia tunavyofanya habari. Kila 21 Mei tunaenda makaburi ya Igoma kwenye kumbukumbu ya MV Bukoba iliyozama 1996, tunapiga picha za mashada, tunapiga picha viongozi wa dini wakiomba, tunamhoji manusura mmoja, dakika mbili zimeshatimia tunakimbilia ofisini kuediti. Sio vibaya, hiyo ni habari na inatakiwa iwepo. Lakini yule manusura tarehe 22 anaamkaje? Alishawahi kupanda meli tena? Wanae anawaruhusu waogelee? Au chukua MV Nyerere pale Ukara, 20 Septemba 2018, kivuko cha watu 101 kimebeba zaidi ya mara mbili, waliofariki ni 228 kwa hesabu ya serikali. Wiki ile kamera zilijaa Bwisya hadi pa kusimama hamna, mazishi yakaisha zikaondoka. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile sa hivi ni wa umri wa sekondari, nani kamlea, nani anamnunulia madaftari, kivuko anapanda au anaogopa. Stori yako iko hapo na hakuna mkutano na waandishi wa habari utakaokuletea mezani.

Umenitajia mada tatu, chagua moja. Mi ningekuambia chagua wamama wa dagaa kwa sababu ni stori inayohitaji mtu anayekaa huku, mgeni wa wiki moja haiwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri zimejaa, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu kwaiyo mbalamwezi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wengine wanarudi makwao. Sasa ukienda kipindi cha giza utapata picha nzuri kweli, ziwa limejaa taa kama kuna mji kule katikati, lakini hamna mtu atakayekaa kuongea na we. Alfajiri mtumbwi ukigusa nchi kavu mama anagombania mzigo, jua likitoka anaanika, akisimama kukujibu maswali yako dagaa zake zinaharibika. Ukienda mbalamwezi utapata maongezi mazuri mpaka uchoke ila picha hamna. Kwaiyo utaenda vipindi vyote viwili, alafu msimu wa mvua utaenda tena, maana mvua ikinyesha siku mfululizo dagaa hazikauki, zinaoza au zinauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na hapo ndo utaona marejesho ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, yanavyomkimbiza mtu hadi kwa jirani yake. Mtu anayejua tu kwamba "wanawake wa dagaa wana maisha magumu" hajajua chochote bado. Jua mzigo unanunuliwaje, sado ni shilingi ngapi leo na ilikuwa ngapi mwezi uliopita, nani anamkopesha mama, tajiri wa mtumbwi anachukua kiasi gani na wale vijana wanaovua wanabaki na nini.

Na ile habari ya mwanamke kulala na mvuvi ili apewe mzigo, ambayo kila mwandishi mgeni akitua Mwanza anaiulizia kabla hata hajanywa chai, ipo, sikatai, na watu wanaumia nayo. Lakini mama hakwambii siku ya kwanza, na akikwambia siku ya kwanza mbele ya kamera basi jiulize umemlipa au umemtisha. Ukirudi mara nyingi bila kamera, ukamsaidia kugeuza dagaa kwenye chanja, ukaujua ugonjwa wa mtoto wake, ataongea mwenyewe, au ataamua asiongee na hiyo nayo ni haki yake.

Vifaa ulivyonavyo vinatosha. Mtazamaji anavumilia picha mbaya, sauti mbaya anahama chaneli, na mwaloni upepo hauna urafiki na maiki, kwaiyo tafuta ile kofia ya manyoya ya kuzuia upepo kabla hujafikiria kamera kubwa. Rekodi pia sauti za mahali zenyewe, injini inavyokuja kwa mbali, redio ya kibandani, dagaa zikimwagwa kwenye mchanga.

Kuhusu bosi, usimpelekee wazo la dakika 30, atakukatalia na kwa bajeti yake ana haki. Mpelekee dakika mbili za bei ya dagaa leo, baadae dakika mbili za mvua iliyoharibu mzigo, baadae dakika mbili za mkopo, kila moja inasimama kama habari kamili na yeye anapata chake, huku we unajenga yako taratibu. Klipu zote mbichi zitunze sehemu mbili tofauti. Na kama unatumia kamera ya ofisi ulizia mapema, kwa maandishi, picha ni za nani, nimeona vijana wanaachishwa kazi na stori yao waliyoihangaikia miaka inabaki kwenye kompyuta ya stesheni mpaka leo.

Kuna la bahasha pia. Semina ina bahasha, mwalo hauna. Simlaumu korespondenti anayelipwa hela kidogo kwa stori akipewa nauli, maisha tunayajua, ila ukishaamua kufuatilia kiwanda au halmashauri au mradi fulani kwa mwaka mzima, bahasha yao usiiguse hata ya maji ya kunywa, maana siku dokumentari ikitoka ndo kitu cha kwanza watakachokitoa hadharani.

Umeuliza nani kafika. Msome Vicky Ntetema. Mwaka 2008 alikuwa anaongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, watu wenye ualbino wanauawa huku Kanda ya Ziwa, viungo vinauzwa, na habari zilikuwa zinatoka kama matukio ya polisi, fulani kauawa, uchunguzi unaendelea. Yeye akaja akajifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaenda kwa waganga kuuliza bei. Habari ilivyotoka akatishiwa kuuawa ikabidi ajifiche. 2010 akapewa tuzo ya ujasiri ya International Women's Media Foundation, na 2016 Marekani ikampa tuzo yake ya wanawake jasiri duniani. Lakini mi sio tuzo zinazonifanya nimtaje, ni kwamba baada ya ile stori hakuhamia stori nyingine. Alikuja kuongoza Under the Same Sun hapa Tanzania, shirika linalotetea watu wenye ualbino, miaka na miaka aliendelea na watu wale wale. Huyo ndo wa kumfuata, na pia jua kwamba hatari aliyoipata ilikuwa ya kweli kabisa, kwaiyo usiende peke yako kwenye stori ya namna hiyo, mwambie mtu uko wapi na unarudi saa ngapi, na usiingie mtumbwini bila jaketi la kuokolea hata kama wenyeji wote hawajavaa.

Alafu linganisha filamu mbili zilizopigwa huku kwetu. Ya kwanza ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, ilitoka 2004, sangara, viwanda vya minofu, ndege za mizigo uwanja wa Mwanza, mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishatolewa). Ikafika mpaka kuteuliwa kwenye Oscar 2006. Ulaya waliiona, huku kwetu wengi tuliisikia kwenye hotuba, maana mwaka huo huo Rais Kikwete aliikosoa hadharani na Mwanza watu wakaandamana kuipinga, na sidhani kama wengi waliokuwa wanabishana vijiweni walikuwa wameiona. Mwandishi mmoja wa hapa aliyeonekana ndani yake alikamatwa na uraia wake ukawekwa kwenye maswali. Mimi naona ilikuwa na ukweli mzito kuhusu nani anakula minofu na nani anabaki na panki, na huo ukweli ulitakiwa kusemwa. Lakini gharama ilikuja kulipwa na waliobaki, sio na kamera iliyoondoka, na hilo sijawahi kulikubali.

Ya pili ni In the Shadow of the Sun ya Muingereza Harry Freeland, ya 2012. Alikaa na stori miaka kama 6, akimfuata Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino, na kijana mmoja wa Ukerewe aliyekuwa anatafuta kusoma. Filamu ikaisha, yeye hakuisha, kutoka hapo likazaliwa shirika la Standing Voice, na Ukerewe kuna kituo cha mafunzo kimejengwa. Sisemi kila mwandishi aanzishe shirika, hatuwezi na sio kazi yetu. Nasema uende pale Nansio uulize kuhusu filamu hiyo uone watu wanavyoiongelea, alafu uje Kirumba uulize kuhusu ile nyingine.

Hela? Kuna Docubox ya Nairobi, wao wanasapoti watengeneza dokumentari wa Afrika Mashariki, fuatilia wanapotangaza kupokea maombi. Peleka kazi zako kwenye EJAT, tuzo za uandishi bora za Baraza la Habari, na ukimaliza kitu kirefu kipeleke tamasha la filamu la ZIFF Zanzibar. Ila kwanza kipeleke mwaloni. Projekta ya kukodi, shuka jeupe, jenereta, wale wamama wakae mbele. Wakikwambia "hapa umekosea, mzigo haununuliwi hivyo", unarudi unaediti, ndo maana unawaonyesha wao kwanza kabla haijatoka.

SWALI: Anti, mama yangu anaanika dagaa kwenye mwalo mmoja huku Ilemela. Zamani kidogo walikuja watu wa tv wakamrekodi, walimwambia ni habari ya bei ya dagaa kushuka, akakubali. Baadae tukaona picha yake ile ile kwenye kipindi cha ukimwi kwa wavuvi, na hivi karibuni tena kwenye habari ya wanawake kujiuza kwa ajili ya samaki. Majirani wanamcheka, baba kanuna. Mama yangu hajui hata kilichosemwa, anajua tu ameaibishwa. Tufanyeje? (Msomaji, Igombe)

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na mpe pole mama, mwambie ya kwangu na ya waandishi wengi ambao jambo hili linatuumiza. Hii ndiyo inaitwa picha za maktaba. Ripota anatakiwa kutoa stori ya ukimwi saa moja jioni, hana picha, anafungua kompyuta anatafuta "mwalo", anamkuta mama yako ameinama kwenye chanja, anambandika. Hajamtaja jina kwaiyo anajiona yuko salama. Mama yako kwenye ile kompyuta sio mtu tena, ni picha ya mwanamke wa mwaloni.

Hamjachelewa. Anzeni kwa kupata klipu yenyewe, kama ipo mtandaoni ihifadhini kwenye simu, andikeni kipindi gani, tarehe na saa ilivyorushwa. Kisha andikeni barua kwa mhariri mkuu wa stesheni, barua ya kawaida tu ya Kiswahili, semeni mama aliridhia stori ya bei ya dagaa na sio nyingine, na mnataka vitu vitatu: picha iondolewe mtandaoni, isitumike tena, na waombe radhi kwenye kipindi kile kile sio usiku wa manane. Nakala ibaki kwenu, na aliyeipokea aweke sahihi na mhuri. Wasipojibu au wakijibu kwa dharau, malalamiko ya utangazaji yanapelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana Kamati ya Maudhui inayosikiliza mambo haya, na Baraza la Habari Tanzania nao wanapokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari na kusuluhisha. Tena sa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, ina Tume yake, na sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, ulizieni huko pia. Kama barua inawashinda kuandika, msaidiwe na mwanasheria wa msaada wa kisheria, au hata na vijana wa habari wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, nina imani mtapata anayejitolea.

Na mama asikubali kuitwa ofisini peke yake "kuyamaliza". Aende na mtu.

Kwa wenzangu wa kamera wanaosoma hapa: kila klipu mnayoihifadhi iandikeni huyu mtu aliridhia nini, pale pale kwenye jina la faili. "Mama dagaa Igombe, BEI TU." Ni sekunde chache za kazi na huyu mama angeheshimika mtaani kwake.

SWALI: Nikitaka kurekodi dokumentari Ukerewe nahitaji vibali gani? Na je watoto naruhusiwa? (Mwanafunzi, Malimbe)

JIBU: Kama unafanya kama mwandishi wa habari unatakiwa uwe na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kama mwandishi, hiyo ni Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Ukifanya kama filamu kibali kinatoka Bodi ya Filamu, sheria yake ni ya 1976. Droni ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usirushe kienyeji hasa karibu na uwanja wa ndege. Ukitaka kurusha kwenye tv yako ya mtandaoni leseni ni ya TCRA. Hayo ya makaratasi. Ukifika kisiwani piga hodi serikali ya kijiji na kwa mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia mwalo), ukiruka hao wawili hata ukiwa na barua ya wizara utazungushwa mpaka nauli iishe.

Watoto, soma Sheria ya Mtoto ya 2009 kabla hujawasha kamera. Mzazi au mlezi aridhie, mtoto mwenyewe aridhie, na kama stori inaweza kumdhuru au kumwaibisha usimwonyeshe sura wala shule wala sauti inayotambulika. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi, kijijini mtoto anajulikana kwa shati lake.

SWALI: Sisi ni wavuvi wa Kayenze. Wanakuja watu na kamera, wanatupotezea muda, wanaondoka. Je tuna haki ya kulipwa? Wengine wanasema mwandishi hawezi kulipa, wengine wametoa. (Wavuvi wa kambini)

JIBU: Kaka zangu, mwandishi halipi maneno. Akilipa maneno mtampa anayotaka kusikia, na stori yote inakuwa ya uongo hata kama mlisema kweli. Lakini muda wenu sio wa bure na mafuta ya injini sio ya bure. Akitaka mtumbwi umpeleke kupiga picha, huo ni usafiri, alipie kama abiria mwingine yeyote. Akitaka mtu aache kuvua usiku mzima ili amrekodi, mkubaliane kabla fidia ya mzigo aliokosa, kwa bei ya siku hiyo, mwenyekiti akiwepo. Chakula akila kambini alipie, samaki anunue kwa bei ya mwaloni. Hiyo sio rushwa na mwandishi mwenye akili haoni shida nayo.

Mkiona hamtaki kitu fulani kirekodiwe mseme mapema, na mkishakubali mkabadili mawazo kabla haijarushwa pia mseme, mchukue namba yake ya simu na jina la stesheni au shirika lililomtuma, ayaandike kwenye daftari la BMU. Alafu muulizeni kabla hajawasha kamera: sisi tutaiona lini na wapi? Akishindwa kujibu hilo mwambieni arudi siku akiwa na jibu.